Bastola "ya Mjerumani" ya Issenye

Leo tuongelee chuma.

Jamaa yangu mmoja, mzaliwa wa Issenye kule Serengeti, alinitumia picha nne za bastola iliyokuwa ya marehemu babu yake. Yenyewe walishaisalimisha polisi, na walifanya vizuri, maana silaha isiyo na kibali ni kesi. Zimebaki picha na simulizi: kwamba babu aliiokota kwenye boma la Wajerumani, Fort Ikoma. Sasa ukoo unaandika kitabu kidogo cha historia yao, na sura ya kwanza ni hiyo bastola. Akaniuliza, "Kaka, hii ni ya Mjerumani kweli?"

Simulizi inaingia akilini. Wajerumani walikuwa na boma pale Ikoma, na mwaka 1917 vita vilifika hapo hapo. Bastola za silinda za jeshi lao za enzi hizo ni za modeli mbili, ya 1879 yenye mtutu mrefu na ya 1883 yenye mtutu mfupi. Zote fremu yake haikunjuki. Risasi unaingiza moja moja kwenye kijilango cha ubavu wa kulia, na maganda unayasukuma nje kwa kijiti!

Sasa picha ya kwanza: bastola imekunjuliwa katikati. Basi, Mjerumani katoka. Hiyo ni sura ya Waingereza, ama Webley ama Enfield, na hapo ndipo wengi hukwama, kwani Webley Mk IV ya .38 na Enfield No. 2 zinafanana kama Kurwa na Doto. Webley waliidai serikali yao kwa kuchukua ubunifu wao, wakaambulia pauni 1,250.

Picha ya pili ni ya nyundo. Enfield ya 1932 nyundo yake ina mkia wa kuvutia kwa kidole gumba. Mwaka 1938 ikaja Mk I*, mkia hakuna, unavuta kifyatulio tu. Nyingi za zamani zilirudishwa karakana zikakatwa mkia, ndiyo maana wakusanyaji wa Ulaya na Marekani wanahangaika kutafuta ambayo haikuguswa. Mwaka 1942 ikaongezwa nyota ya pili, Mk I**, hii wakaipunguzia kizuizi cha usalama ili itengenezwe haraka. Ikianguka chini, ujiombee. Ya babu haina mkia.

Picha ya tatu ilimaliza ubishi. Ubavuni pamegongwa ALBION. Naam, Albion wale wale wa malori, kutoka Scotland! Walitengeneza bastola hizi kuanzia 1941 hadi 1943. Wakati huo Mjerumani alishaondoka Ikoma zaidi ya miaka 20.

Ya nne inaonyesha namba ya silinda, na si sawa na ya kwenye fremu. Kwa mkusanyaji hiyo ni dosari, bei inashuka. Mimi ndiyo niliyoipenda kuliko zote, kwani inaonyesha kuna fundi aliwahi kuifungua akabadilisha kipuri. Haikulala kwenye kifusi cha boma ikingoja kuokotwa.

Nikampigia jamaa. Akanyamaza kwanza, kisha akasema babu alikuwa KAR, alikwenda Burma. Kumbe! Lakini bastola zilikuwa za maofisa, askari wa kawaida alipewa bunduki. Ilimfikiaje?

Baba yake mdogo akaomba simu. Nikamwamkia, akaitikia, akasema: "Mwanangu, mzee hakupenda kuulizwa habari za Burma. Akishasema ni ya Mjerumani, watoto wanafurahi, maswali yanaisha."

Kitabu wamekisimamisha. Dada wa marehemu bado yu hai pale Issenye, na kumbukumbu zake ni nzuri. Wanataka wamsikilize yeye kwanza, bila kinasa sauti, maana ameshasema hakitaki.