Tegalsari, Kijiji cha Mpunga na Darsa

Kisiwa cha Java kwa ukubwa hakifikii hata sehemu moja ya saba ya Tanzania, na juu yake wanakaa watu zaidi ya milioni 150. Mwenye kuisikia hesabu hiyo hudhani kwamba huko hapana tena pahali pa kupigia jembe. Lakini tulipotoka mji wa Ponorogo, upande wa mashariki ya kisiwa hicho, tukashika njia ya kusini, hatukuona kwa muda mrefu ila majaruba ya mpunga, jaruba likishikana na jaruba. Kushotoni mwetu ulisimama mlima Wilis, na nyuma yetu, kwa mbali sana, mlima Lawu wenye kimo cha mita 3,265. Vijiji vyenyewe havionekani mpaka uingie ndani yake, kwani nyumba zimefichwa na minazi, migomba na mianzi, mithili ya visiwa vidogo katika bahari ya kijani.

Kimoja katika hivyo ndicho Tegalsari, baina ya mito miwili midogo, Keyang na Malo. Ni kijiji cha wakulima, na mgeni asiyekijua angekipita bila ya kugeuza shingo. Katikati yake pana msikiti wa kale wa mbao za msaji, nguzo zake 36, na paa lake limepandana tabaka tatu. Huo ndio ujenzi wa asili wa misikiti ya Java. Nyuma ya msikiti ndipo alipozikwa Kyai Ageng Muhammad Besari, mwanachuoni aliyekianzisha kijiji hiki katika karne ya 18. (Neno "Kyai" kwao ni kama "Sheikh" kwetu.)

Watu wa huko husimulia kwamba mwaka 1742, waasi walipoiteka Kartasura, mji mkuu wa ufalme wa Mataram, mfalme Pakubuwono II alikimbilia Ponorogo akajisitiri kwa huyu Kyai. Aliporudishiwa ufalme wake akaifanya Tegalsari kuwa ardhi huru isiyotozwa kodi, ili mazao yake yatumike kwa msikiti na wanafunzi. Wanafunzi wakamiminika. Katika zama za mjukuu wake, Kyai Hasan Besari, alisoma hapo Ronggowarsito (1802–1873), mshairi mkubwa wa lugha ya Kijava. Uhuru huo wa kodi ulidumu hata katika zama za Waholanzi, ambao tangu 1830 waliwashurutisha wanavijiji wa Java kulima miwa, kahawa na nili kwa faida ya Uholanzi. Uliondolewa na Jamhuri ya Indonesia kwa sheria ya mwaka 1946, na vijiji vyote vikawa sawa.

Tulipoingia msikitini tulijiona tumo nyumbani. Watu wa Java ni wa madhehebu ya Imamu Shafi kama sisi, na Barzanji wanayosoma katika maulidi ndiyo hiyo tuijuayo. Tulimkuta kijana ameshika Safinatun Najaa, kitabu ambacho watoto wengi wa pwani yetu huanzia kusomea fiqhi. Aliyekitunga, Sheikh Salim bin Sumayr, alikuwa Mhadhrami, na alifariki Batavia, ambayo leo ni Jakarta, mwaka 1855. Chini ya kila neno la Kiarabu kijana yule alikuwa ameandika maana yake kwa Kijava, kwa herufi za Kiarabu, nazo zikining'inia kwa mshazari. Hivyo hivyo wazee wetu waliandika Kiswahili chao kwa herufi hizo, na sisi tumekwisha kuiacha kazi hiyo. Wao bado wanaifanya.

Mwenyeji wetu alikuwa mzee aliyesoma ujanani mwake Gontor, nasi tukazungumza naye kwa Kiarabu. Gontor ni kijiji jirani, mwendo wa kilomita chache, na ni tawi la mti ule ule, kwa maana kilianzishwa na mwanafunzi wa Tegalsari aliyeoa katika nyumba ya walimu wake. Chuo cha hapo kilikuwa kimedhoofu kabisa, mpaka mwaka 1926 ndugu watatu wa ukoo huo, Ahmad Sahal, Zainuddin Fananie na Imam Zarkasyi, walipokifufua kwa mtindo mpya, wanafunzi wakilazimishwa kusema Kiarabu na Kiingereza. Kisha mwaka 1958 ndugu hao walifanya jambo ambalo wachache huliweza: wakakitoa chuo chote kuwa wakfu wa umma, chini ya baraza la watu 15, wasiwaachie watoto wao urithi wa chuo hicho. Leo wanafunzi wake ni maelfu.

Asubuhi mzee alitupeleka shambani kwake. Shamba lake halifiki nusu hekta, na huko wakulima wa kadiri hiyo ndio wengi. Wanawake walikuwa wakipandikiza miche, wameinama, wakirudi kinyumenyume katika tope, na mistari yao imenyooka kama uzi. Zamani mpunga ulivunwa na wanawake hao hao kwa kisu kidogo cha kufichwa kiganjani, shuke baada ya shuke, na kila mvunaji akapewa fungu lake. Mbegu fupi za kisasa zilipokuja mwishoni mwa miaka ya 1960, mundu ukashika mahali pa kisu, na wanawake maskini wengi wakapoteza fungu lile. Mavuno yaliongezeka hata Indonesia ikajitosheleza kwa mchele mwaka 1984. Lakini dawa zilizomwagwa mashambani ziliua pia wale wadudu wanaokula wadudu, na mharibifu mmoja wa rangi ya hudhurungi akazidi kushamiri, mpaka serikali ikapiga marufuku aina 57 za dawa za mpunga mwaka 1986.

Tulimwuliza mzee habari za zaka. Akasema mpunga wa masika, unaonyweshwa na mvua na mto, huutolea sehemu ya kumi; na ule wa kiangazi, anaouvutia maji kwa pampu na kulipia gharama, huutolea sehemu ya ishirini. Aliyasema haya kama mtu anayetaja bei ya chumvi.

"Na baada yako, nani atalima?" tukamwuliza.

Alinyamaza kidogo. Watoto wake ni wanne. Shamba likigawanywa kwa mirathi, kila mmoja atapata kipande kisichoweza kulisha hata mtu mmoja. Wawili wamo mijini viwandani, mmoja ni mwalimu, na binti yake mdogo anafanya kazi za nyumbani Hong Kong. Ponorogo ni katika wilaya za Java zinazopeleka wanawake wengi nchi za nje, na mgeni huziona fedha zao katika kuta mpya na sakafu za vigae zinazong'aa. Hatuwezi kuwalaumu wanaokwenda, wala hatukuweza kuzitazama sakafu zile kwa furaha tupu.

Jioni, baada ya magharibi, bibi wa nyumba aliketi na mjukuu wake wa miaka sita, mwana wa huyo binti, akimfunza kusoma. Mbele yao simu iliegemezwa kwenye kopo la sukari, na usoni mwake alionekana mama wa mtoto, ameketi jikoni kwa watu. Mtoto akasoma Suratul Fil. Alipokosea, bibi na mama walimsahihisha kwa pamoja, naye akacheka. Kisha mama akasema anaitwa, ajuza anayemwuguza anataka kulazwa. Mtoto aliifunika simu, akaivuta juzuu karibu, akaendelea aya iliyofuata.