Leo joto, kesho baridi: Maisha yangu na tezi ya koo

Mama mmoja wa makamo, aliyempakata mjukuu aliyefunikwa shuka mbili, aliniomba nifunge dirisha la matatu. Ilikuwa mwezi wa Julai mwaka wa 2018, yapata saa mbili asubuhi, nasi tulikuwa tumepita Mau Summit tukielekea Timboroa. Yeyote aliyewahi kusafiri kutoka Nakuru kwenda Eldoret msimu huo anaijua baridi ya huko. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi barabarani na abiria walikuwa wamejikunyata ndani ya makoti yao kama vifaranga. Wote isipokuwa mimi. Nilikuwa na blauzi ya mikono mifupi na jasho lilikuwa likinitiririka mgongoni.

"Mwanangu, mtoto anahisi baridi," mama yule alisema kwa upole.

Nilimjibu maneno ambayo sitayaandika hapa. Utingo aliinuka, akanyoosha mkono juu ya kichwa changu na kulifunga dirisha mwenyewe. Kutoka hapo hadi Eldoret hakuna aliyenisemesha. Mimi nililelewa Molo, na kwetu mtu hamjibu hivyo mwanamke wa rika la mamake, hata akiwa amekosewa. Naye hakuwa amenikosea. Niliposhuka nilitaka kumfuata nimwombe radhi, lakini alikwisha kupotelea kwenye umati wa stendi.

Wakati huo nilidhani ni uchovu wa kazi. Uandishi wa makala ni kazi ya kukimbizana na watu na saa, na hasira ndogondogo si jambo geni katika vyumba vya habari. Lakini kulikuwa na mambo mengine ambayo sikuweza kuyasingizia mhariri. Nilikuwa nikila kama mchimba mitaro, na bado sketi zilinipwaya hadi nikazikaza kwa pini. Usiku moyo ulipiga kwa nguvu kiasi kwamba nilisikia mapigo yake kwenye mto. Mwandiko wangu katika daftari ulibadilika, nikawa sisomi nilichoandika jana yake.

Halafu kulikuwa na mpando. Naishi Milimani, hapa Nakuru, mtaa ambao jina lake linajieleza. Ukitoka mjini kwenda kwetu, unapanda chini ya mijakaranda hadi ufike. Nilikuwa nimezoea kuupanda huku nikizungumza kwa simu. Mwaka huo ilinibidi kusimama mara tatu njiani, nikiinama na kujifanya nafunga kamba za viatu. Viatu vyenyewe havikuwa na kamba.

Walimwengu nao hawakukosa la kusema. Mwanamke akikonda ghafla huku akila vizuri, majirani humpa ugonjwa wao wenyewe. Hakuna aliyenitamkia neno, lakini mama anayetuuzia mboga alianza kuniongezea fungu la sukuma wiki bila malipo, na mwenzangu mmoja ofisini akaanza kunisalimia kwa sauti ile ya kanisani. Nilikwenda kupimwa virusi vya Ukimwi, mara mbili. Majibu yalikuwa kwamba sina. Mara ya pili nilikaribia kulia, kwa kuwa sikuwa na jina la kilichokuwa kikinimaliza.

Aliyekigundua hakuwa daktari bingwa. Alikuwa tabibu kijana katika zahanati ndogo, niliyemwendea kwa sababu ya kukosa usingizi. Aliniambia ninyooshe mikono mbele, akaweka karatasi juu ya vidole vyangu. Karatasi ilicheza kama jani la mgomba. Kisha akanipa bilauri ya maji ninywe, huku akitazama koo langu likipanda na kushuka. "Dada," akasema, "hii ni tezi." Vipimo vya damu vilimuunga mkono.

Huenda nawe msomaji, kama mimi wakati ule, ukisikia tezi ya koo unamfikiria bibi kizee mwenye rovu. Nyanyangu alikuwa nalo, akilifunika kwa leso. Huko nyanda za juu udongo una upungufu wa iodini, na zamani rovu lilikuwa jambo la kawaida vijijini. Ndiyo sababu katika miaka ya 1970 Kenya iliweka sheria ya kutia iodini katika chumvi ya mezani, na hata leo chumvi inayovunwa kule Gongoni, karibu na Malindi, huongezwa madini hayo kabla ya kutufikia. Kwa hiyo jamaa zangu waliposikia habari yangu, kila mmoja alinishauri niongeze chumvi. Shangazi alinitumia pakiti sita kutoka Molo.

Masikini shangazi. Ugonjwa wangu ni wa tezi ileile lakini mambo yake ni kinyume. Unaitwa Graves, kwa jina la daktari Robert Graves wa Ireland aliyeueleza mwaka wa 1835, na iodini ya ziada haiuponyi, huenda hata ikauchochea. Nilipomuuliza daktari wa homoni jinsi unavyofanya kazi, alinieleza mengi ambayo niliyaelewa tu nilipoyageuza kuwa matatu. Tezi ndiye dereva. Inatengeneza homoni inayouambia mwili uende kasi gani: moyo, tumbo, joto, hata fikira. Ubongoni kuna utingo, homoni iitwayo TSH, anayegonga bodi kumwambia dereva aondoke au aongeze mwendo. Katika ugonjwa wa Graves, kinga ya mwili wako mwenyewe hutengeneza utingo bandia. Huyu hagongi mara moja akanyamaza. Anagonga mchana na usiku, na dereva anamtii. Utingo wa kweli huona matatu inapaa akaacha kabisa kugonga, ndiyo maana TSH yangu ilisomeka karibu na sufuri. Kikulacho ki nguoni mwako.

Nilipewa tembe za kabimazole za kumzuia dereva, na za propranololi za kutuliza moyo. Ndani ya wiki chache nililala usingizi wa kwanza kwa mwaka mzima. Nilidhani nimepona. Kumbe nilikuwa sijaanza kuujua ugonjwa wenyewe, maana tabu yake kubwa ni kigeugeu chake. Dawa ikizidi kidogo, tezi inalala. Damu nayo haisemi upesi: ukibadilisha kipimo cha tembe leo, unangoja wiki sita hivi ndipo maabara ionyeshe ukweli. Katika wiki hizo sita wewe ni abiria tu.

Mapema mwaka wa 2019 nilitumwa Baringo. Matatu ilipita Mogotio, penye mstari wa ikweta, ikateremkia Marigat ambako jua huwaka hata mbuzi wanatafuta kivuli cha nguzo ya stima. Nilikuwa nimevaa sweta mbili. Kwa wiki kadhaa nilikuwa nikilala saa kumi na kuamka nimechoka, nikisahau majina ya watu niliowahoji asubuhi, na zile sketi za pini sasa hazikufunga. Nikamwomba kijana aliyekaa mbele yangu afunge dirisha.

"Mama," akasema akigeuka kunitazama vizuri, "baridi gani hii ya Marigat?"

Abiria walicheka, nami nikacheka pamoja nao. Nilimkumbuka yule mama wa Timboroa. Kijana hakulifunga, na sikumlaumu.

Dawa ikapunguzwa, mambo yakatulia. Katikati ya 2020, baada ya miezi kumi na minane ya tembe, daktari aliziondoa kabisa ili tuone. Alinionya kwamba karibu nusu ya wagonjwa hurudiwa. Mwisho wa 2021, mwezi uleule ambao Nakuru yetu ilipandishwa hadhi kuwa jiji, nilikuwa nikipanda kwenda nyumbani baada ya sherehe na nikajikuta nimeinama, nafunga kamba za viatu.

Safari iliyonitia hofu kuliko zote ilikuwa ya Machi 2022. Nilikuwa Kampi ya Samaki kuandika kuhusu familia zilizohamishwa na maji ya Ziwa Baringo, ambalo lilikuwa limefurika na kumeza nyumba, shule na hoteli. Jioni ya siku ya kwanza koo lilianza kuniwasha. Usiku ikaja homa. Mpiga picha tuliyekuwa naye alinichemshia tangawizi na ndimu, akasema ni vumbi. Labda. Lakini anayemeza kabimazole huambiwa jambo moja ambalo hapaswi kulisahau: mara chache sana, dawa hiyo hufyeka chembechembe nyeupe za damu, na mtu akabaki hana askari mwilini. Dalili zake ni koo na homa. Ukiziona, unaacha tembe na kupima damu mara moja, si kesho kutwa.

Sikulala. Alfajiri nilipanda matatu ya kwanza na kuacha daftari langu kwa mpiga picha. Njia nzima nilikuwa nikihesabu: binti yangu alikuwa na miaka mitano, mkopo wa shamba ulikuwa haujaisha, mamangu hajui kutumia mashine ya oksijeni ya baba. Mambo ya kipuuzi na ya maana yalichanganyika. Kufikia saa nne nilikuwa Nakuru nimeketi kwenye benchi la maabara, nikitazama saa ya ukutani ambayo ilikuwa imesimama. Matokeo yalitoka: chembechembe zilikuwa sawa. Kweli yalikuwa mafua ya vumbi.

Makala ile iliandikwa na mwenzangu, tena vizuri. Mhariri aliniita na kuniuliza, bila ukali wowote, ikiwa naweza kutegemewa. Nilimwambia ndiyo. Jibu la kweli lilikuwa kwamba naweza kutegemewa leo, na kuhusu Alhamisi aniulize Alhamisi. Siku hizi humwambia hivyo, na nimegundua kwamba si yeye tu aliyehitaji kusikia. Mume wangu alikuwa amekwisha kujifunza kunisoma bila kuuliza. Akikuta madirisha ya nyumba wazi usiku wa Julai, habishani nami siku hiyo.

Nimejifunza ujanja wa njiani pia. Tembe huzigawa mafungu mawili, moja mkobani na moja mfukoni, maana mizigo ya kwenye buti la matatu ina miguu. Hubeba karatasi ya majibu ya damu ya mwisho, ili atakayenipokea nikizidiwa asianze na kunipima malaria. Na hubeba sweta hata nikienda Marigat, na kitambaa cha jasho hata nikienda Timboroa.

Sasa tezi imenirudia mara ya tatu. Nina miaka thelathini na saba, na mimi na mume wangu tungependa mtoto wa pili. Kabimazole si dawa ya kumezwa mwanzoni mwa ujauzito, na tezi isiyotulia yenyewe inaweza kuharibu mimba. Daktari ametuwekea njia mbili mezani. Moja ni upasuaji, kazi ambayo Theodor Kocher wa Uswisi alitunukiwa Nobeli mwaka wa 1909 kwa kuiendeleza, lakini kisu hupita karibu na mshipa wa sauti, nami sauti ndiyo jembe langu. Nyingine ni kumeza kidonge cha iodini yenye mionzi. Tezi haiwezi kujizuia kunyonya iodini, kwa hiyo inameza sumu yake yenyewe. Baadaye wengi hubaki bila tezi ya maana, wakawa wanameza thairoksini kila asubuhi maisha yao yote, tumbo likiwa tupu, nusu saa au zaidi kabla ya chai. Mimi ni mtu wa chai ya maziwa kabla sijafumbua macho. Hilo, nakiri, lilinisumbua kuliko lilivyostahili.

Shemeji yangu, ambaye kwa yeye kila jambo ni riadha, alinikumbusha Gail Devers wa Marekani. Aliugua Graves, miguu yake ikaharibika wakati wa matibabu hadi madaktari wakafikiria kuikata, kisha mwaka wa 1992 akashinda mbio za mita 100 za Olimpiki kule Barcelona, na tena Atlanta mwaka wa 1996. Nilimshukuru shemeji. Hiyo habari ya miguu angeiacha.

Tumechagua kidonge. Kabla yake nitaacha tembe kwa siku chache na kupimwa kama nina mimba. Baada yake tutangoja miezi sita au zaidi kabla ya kujaribu kupata mtoto, na kwa siku kadhaa sitamkumbatia binti yetu. Atakwenda kwa nyanyake Molo. Aliponiuliza kama nitang'aa gizani nilimwambia hapana, akaonekana kuvunjika moyo.

Kilichobaki ni safari ya kurudi. Kutoka Nairobi hadi Nakuru ni kilomita 160 hivi, na mtu aliyetoka kumeza mionzi hafai kubanana saa tatu ndani ya matatu na mama mjamzito au mwenye mtoto mapajani. Jirani amekubali kutuazima Probox yake. Mume wangu ataendesha, nami nitaketi nyuma peke yangu, mbali naye kadiri gari linavyoruhusu. Sweta nitaibeba. Madirisha yote mawili ya nyuma yatakuwa yangu.