DESEMBA MOSHI: WISKI WEKA PEMBENI, SHIKA KATA!

Kila Desemba vijana wa Dar wanapanda mabasi ya Moshi na chupa ya wiski kwenye begi, wakaichanganye na juisi ya pasheni Krismasi. Sawa mshikaji, changanya. Ila kama una soo na mzee wako, chupa hiyo haikusaidii kitu. Kwa Wachagga, anayeomba radhi huja na jani la isale, na penye kusuluhishana mbege haikosi.

Kwa usiyeijua, mbege ni kilaji cha ndizi na ulezi. Ndizi mbivu huchemshwa saa nyingi mpaka ziwe nyekundu, halafu huachwa siku kadhaa zichachuke. Hiyo ndiyo nyika. Ulezi nao huloweshwa uote, huanikwa, husagwa, hupikwa uji. Nyika ikishachujwa huchanganywa na uji uliopoa, pamoja na gome la msesewa linalotia ule uchungu mtamu. Kesho yake mambo tayari!

Kazi ya wiki nzima hiyo, na mara nyingi ni ya akina mama. Halafu haingoji mtu: siku mbili tatu tu imekuwa kali. Inabidi ukae hapo hapo mgombani, uso kwa uso na mzee. Mwenyeji anaonja kwanza, wageni waone ni salama. Mzee naye anapiga funda, anajifuta mdomo, anakunyooshea kata: "Haya mwanangu, kunywa."

Usimwulize barafu.