Weupe Uliofunika Hatari

Msomaji, mimi nilizaliwa chini ya Mlima Kenya. Utotoni mwangu theluji ilikuwa kilemba cheupe kilichoonekana kileleni alfajiri, kisha kikafichwa na mawingu. Niliidhani kitu cha kutazamwa tu, wala haikunipitikia kwamba yaweza kumzika mtu. Somo hilo nililipata ugenini, katika milima ya Davos, nchi ya Uswisi, nilikokwenda kusoma.

Asubuhi moja ya Januari mimi na wenzangu wawili tulifuatana na mzee mmoja, mwongozaji wa milimani. Mbingu haikuwa na wingu. Mbele yetu ulilala mteremko mpana, laini kama shuka jipya, nao ulikuwa njia ya mkato. Nikasema, "Mzee, tupite hapa." Hakunijibu. Alitwaa sepetu, akachimba shimo hata akaifikia ardhi, akaniita nitazame ukuta wake.

Hapo niliona kwamba theluji si kitu kimoja. Hulala tabaka juu ya tabaka, kila dhoruba na tabaka lake, mfano wa kurasa za kitabu. Tabaka la juu lilikuwa gumu, limeshindiliwa na upepo. Chini yake palikuwa na chembe kubwa zisizoshikana, kama sukari. Chembe hizo hufanyika theluji inapokuwa haba na baridi inapokuwa kali: mvuke hupanda kutoka chini kwenye joto, ukazigeuza punje, zikapoteza mshikamano. Mzee alikata nguzo ya theluji, sentimita 30 kila upande, akaweka sepetu juu yake. Akaipiga mara 10 kwa nguvu ya kifundo cha mkono, kisha akaanza kupiga kwa nguvu ya kiwiko. Katika pigo la 12 nguzo ilikatika, na sehemu ya juu ikateleza mbele kama droo itokayo mezani.

"Mteremko huu umezidi nyuzi 30," akasema, "na uzito wako watosha. Wengi waliofunikwa waliliamsha poromoko wao wenyewe, au liliamshwa na wenzao."

Nilimkumbusha kwamba taarifa ya jioni iliyotangulia ilitaja hatari ya daraja la 3 tu, katika madaraja 5. Kwangu mimi, la kati lilikuwa salama. Kumbe vifo vingi hutokea katika daraja hilo, maana katika la 4 na la 5 hofu huwazuia watu nyumbani. Nikamwonyesha chombo cha redio nilichofunga kifuani, cha kunitafutia nikizikwa. Akanijibu kwamba aliyefunikwa hana budi kufukuliwa katika dakika 10 hivi. Baada ya hapo tumaini hupungua upesi. Wa kumfukua ni wenzake walio karibu, kwani msaada wa mjini huchelewa.

Tukarudi. Njiani tulikutana na vijana waliokuwa wakielekea pale pale. Walitucheka, wakaenda, na jioni wakarejea wazima wakiimba. Nilitahayari, kisha nikakasirika. "Mzee," nikamwambia, "umeona? Wamepita."

Akanitazama kwa upole. "Mwanangu, mteremko haukuwaambia kwamba wana hekima. Umewaambia tu kwamba leo hawakukanyaga palipo dhaifu. Nao hawajui tofauti ya mambo hayo mawili."

Msomaji, hata leo sijui kama mteremko ule ungeporomoka chini ya miguu yangu. Aliyejiepusha na hatari hapewi ushahidi kwamba alifanya vema, hupewa kicheko. Wahenga walisema kwamba kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Siku ile kicheko kilikuja kwetu, nami nilikipokea kwa uchungu. Lakini usiku tulikula pamoja sote wanne, na hapakuwa na kiti kitupu mezani.