Viungo Vyangu Vilivyofutwa Wikipedia

Leo naweka kodi kando kidogo niwasimulie aibu yangu ya zamani.

Mwaka 2008 blogu yangu ilikuwa changa, wasomaji wake wa kuhesabu kwa vidole. Basi nikapata wazo nililoliona la kijanja. Nikaenda saiba, shilingi moja kwa dakika, nikafungua Wikipedia ya Kiswahili. Kila makala niliyoona inahusu kompyuta au intaneti, nilibofya "Hariri" na kubandika anwani ya blogu yangu kule chini, kwenye viungo vya nje. Viungo kumi na kimoja jioni moja!

Kesho yake vyote vilikuwa vimefutwa.

Nilikasirika kweli. Nikafungua historia ya ukurasa, nikamwona aliyefuta, nikamwandikia maneno makali: hii si kamusi elezo huru? Alinijibu kwa upole. Alinikaribisha, akanieleza kwamba kiungo huwekwa kwa faida ya msomaji, si ya mwenye tovuti. Kisha akaniuliza ni jambo gani ninalolijua ambalo makala hazina.

Jambo la kuchekesha ni kwamba hata kama vingebaki, visingenipandisha kwenye Google. Wikipedia huwekea viungo vya nje alama ya nofollow, inayoiambia injini ya kutafuta isivihesabu kama kura. Ile ya Kiingereza iliiwasha Januari 2007 kwa sababu ya watu kama mimi. Nami najiita mtaalamu wa programu!

Lakini swali lile lilinikaa kichwani. Mimi nimekulia karibu na Mto Athi. Mto huo ukishakutana na Mto Tsavo huitwa Galana, na mbele zaidi Sabaki, hadi unapoingia Bahari Hindi karibu na Malindi. Kwetu wazee wanajua Athi tu. Rafiki yangu wa Malindi anajua Sabaki tu. Maji ni yale yale, ila hakuna aliyetuunganishia majina.

Hapo ndipo nilipoelewa kazi ya kiungo. Unaandika [[Malindi]] ndani ya mabano mraba mawili, basi. Ukurasa ukiwepo, neno huwa la buluu. Usipokuwepo, huwa jekundu. Wekundu huo si kosa, ndugu msomaji, ni shamba linalosubiri jembe. Nikaandika sentensi mbili kuhusu mto wetu, nikaweka chanzo na viungo vya ndani. Hakuna aliyezifuta. Wengine walizirekebisha, na zikawa bora kuliko nilivyoziandika.

Miaka michache baadaye nilisahau kulipia jina la tovuti yangu, ile blogu ikapotea. Viungo vyangu kumi na kimoja vingekuwa vimekufa vyote leo.

Kwa hiyo ukitaka kuanza, anza na kijiji chako, mto wako au kazi yako. Tafuta makala yenye alama ya "mbegu", ongeza sentensi moja yenye chanzo, na uiunganishe na makala nyingine mbili. Ukikuta kiungo cha nje kilichokufa, tafuta nakala yake Internet Archive.

Na ukifutwa, usitukane. Uliza kwanza.

Haya, tukutane kwenye Mabadiliko ya karibuni.