Pumzi ya Somo

Tulikuwa majina, ndiyo maana tukaitana somo. Yeye akiimba, mimi nikitunga, hapa hapa Unguja, na karibu kila shairi nililoandika nililiandikia koo lake.

Mwanzoni nilijiona mjuzi. Mishororo yangu ilikuwa ya mizani 16, nane za ukwapi na nane za utao, imejaa pomoni. Mazoezini, baada ya Isha, ganuni na udi vimeshatiwa sauti, yeye huitazama karatasi kisha huniuliza, "Somo, hapa navuta pumzi wapi?" Nilidhani hilo ni la mtia lahani, halinihusu. Naye akiimba hivyo hivyo, pumzi ikamtosha na kusaza.

Miaka ya 1990 taarabu ikageuka. Kinanda cha umeme kikashika nafasi ya ganuni na fidla, rusha roho ikaenea, na watu waliokuwa wakikaa vitini kusikiliza, wakinyanyuka kwenda kumtunza mwimbaji, sasa wakacheza mpaka usiku mkuu. Sikuwalaumu, furaha ni furaha. Somo lakini hakuhama. "Kinanda hakinisubiri," aliniambia. "Mpiga udi hunitazama mdomo."

Kwamba kifua kimeanza kumchoka nilijua ngazini, tukipanda kwake Michenzani. Ghorofa ya pili akasimama, akafunga upya ushungi wake. Ya tatu akaufunga tena. Sikusema kitu.

Wiki ile tulikuwa na wimbo mpya. Mshororo wa kwanza niliuandika hivi: *Nilikaa barazani, hadi jua likazama*. Bashrafu ikapigwa, zamu yake ikafika, akaimba: *Nipo barazani, jua limezama*. Mizani 12. Wapigaji wakatazamana, mwenye udi akamfuata. Mimi nilirudi nyumbani nimenuna, nimekatiwa shairi langu mbele za watu.

Usiku ule sikulala. Nililirudia shairi kwa mdomo, langu na lake, hadi nikasikia alichokifanya. Mwanamke wa shairi langu mimi alingoja, akachoka, akaondoka zake. Wa somo bado amekaa pale. Nikazikumbuka na santuri za Siti binti Saad, aliyekwenda kurekodi Bombay mwaka 1928. Upande mmoja wa santuri za zama zile ulichukua dakika tatu hivi, na ndani ya dakika hizo mtu alilia mpaka akamaliza.

Asubuhi nilikwenda kwake na kalamu ya risasi. Tukakaa mkekani, akawa anaimba taratibu, na kila alipovuta pumzi mimi natia nukta. Tangu siku hiyo ndivyo tulivyotunga: nukta kwanza, maneno baadaye. Mishororo ikafupika mwaka hadi mwaka, na nyimbo za miaka yake ya mwisho, alipokuwa akiimbia kitini, ndizo ninazozipenda kuliko zote nilizowahi kutunga. Nusu yazo ni zake, ingawa jina la mtunzi limeandikwa moja. Au tuseme ni la sote wawili.

Ametutoka, Mungu amrehemu. Juzi nilimpa binti mmoja anayejifunza kuimba karatasi ya wimbo wangu mpya. Ana kifua kipana, angeweza kuumaliza ubeti mzima bila kupumua. Akaigeuza karatasi kwenye mwanga, akaniuliza, "Bibi, hizi nukta ni za nini?"

"Hapo somo anavuta pumzi," nikamwambia.