Leseni na Ubao wa Kompyuta
Kuihuisha programu si kuinunua upya, lakini mara nyingine kompyuta hudai kana kwamba hukulipa. Juma lililopita binti yangu alihama kutoka Windows 10 kwenda 11, na kioo kikataka leseni. Fundi akaazimia kutia ufunguo wa wizi. Nilimzuia: hiyo ni mali ya watu, tena humo ndimo virusi hupenyea. Kumbe alikuwa amembadilishia ubao mkuu, na leseni ya Windows hufungamana na ubao huo. Alhamdulillahi, leseni yake ilinunuliwa peke yake, naye alikwisha kuiunganisha na akaunti yake ya Microsoft. Kitatuzi kilichomo kwenye mipangilio kikairejesha. Ile ijayo pamoja na kompyuta kwa kawaida haihamishiki. Muulizeni muuzaji, dada zangu, kabla hamjalipa.